KABLA YA KUCHANGIA MASHINE YA MAUMIVU YA MGONGO

Somo la kikundi. Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize na kuuliza. Likiwa refu kwenu, lisomeni kwa mikutano miwili: sehemu ya 1 hadi 4 siku ya kwanza, zilizobaki siku ya pili.



Karibu kila kikundi kina mtu kama huyu. Zamani alikuwa wa kwanza kufika shambani. Siku hizi anakuja mkutanoni amechelewa, anakaa kwa upande mmoja, na baada ya dakika chache anasimama. Mgongo unamuuma, mguu unawaka moto. Amemeza dawa mpaka tumbo nalo limeanza kuuma. Wengine wameanza kunong'ona kwamba anakwepa kazi.

Sasa tuseme familia yake inaleta habari. Kuna mashine inayowekwa ndani ya mgongo, ikawashwa, maumivu yakapungua. Ndugu aliye mjini ameisikia, au mtoto ameiona kwa simu. Bei yake si mchezo. Wanaomba kikundi kisaidie kuitisha harambee.

Mtafanyaje? Mkikataa, mtaonekana watu wasio na huruma. Mkikubali bila kujua mnachangia nini, mnaweza kumaliza akiba ya miaka mingi, na mwenzenu abaki na maumivu yake na deni juu yake.

Mashine hiyo iko kweli. Sio uganga, wala sio uongo. Imesaidia watu fulani. Lakini sio ya kila mgongo, na haiponyeshi ugonjwa. Somo hili litawasaidia kujua inafanya nini, inamfaa nani, na maswali gani yaulizwe kabla ya mtu kuuza ng'ombe.

1. MAUMIVU NI YA AINA GANI?

Ukikatwa na panga, unaumwa. Kidonda kikipona, maumivu huisha. Hayo ni maumivu yenye kazi: yanakuambia, "Chunga hapo."

Maumivu yakizidi miezi mitatu, madaktari huyaita maumivu sugu. Wakati mwingine kidonda kimeshapona zamani, lakini maumivu hayajaondoka. Ni kama mbwa anayeendelea kubweka usiku kucha hata baada ya mwizi kwenda zake.

Kuna aina mbili ambazo ni lazima tuzitenganishe, maana somo lote linasimama hapo.

(a) Maumivu ya misuli, mifupa na viungo. Haya ndiyo mengi. Mgongo unauma baada ya kuinama kupalilia, kubeba mtungi au mzigo wa kuni. Mara nyingi yanauma kama kitu kilichokazwa au kugongwa.

(b) Maumivu ya mishipa ya fahamu yenyewe. Mishipa hii ndiyo inayopeleka habari kutoka mwilini hadi kwenye ubongo. Ikiumizwa, hupeleka habari za uongo. Mtu husikia kuwaka moto, kuchomwa sindano, shoti kama ya stima, au kufa ganzi. Hutokea kwa wenye kisukari, hasa miguuni; baada ya mkanda wa jeshi; au pale mshipa wa mgongo umebanwa na maumivu yakateremka mguuni.

Na tuseme jambo moja waziwazi. Maumivu hayaonekani kwa macho, hata kwa eksirei mara nyingi hayaonekani. Hiyo sio sababu ya kumwita mtu mwongo. Wazee walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

2. LANGO LA MAUMIVU

Ukijigonga goti kwenye kiti unafanya nini? Unalisugua. Na ukilisugua, maumivu yanapungua kidogo. Kwa nini?

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza jambo hili. Walisema kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Habari za maumivu hupita hapo zikielekea kwenye ubongo. Habari za kuguswa na kusuguliwa nazo hupitia njia hiyohiyo. Habari za kuguswa zikiwa nyingi, lango hujifunga kidogo, na maumivu machache ndiyo hupita.

Baadaye wataalamu wamegundua kwamba mambo ni mengi kuliko hayo. Lakini wazo la lango lilimpa daktari mmoja wa Marekani, Norman Shealy, fikira mpya. Kama kusugua ngozi kunafunga lango, je, tukipeleka umeme kidogo moja kwa moja kwenye uti wa mgongo? Mwaka 1967, katika mji wa Cleveland, alimwekea kifaa hicho mgonjwa wa kwanza, mtu aliyekuwa na maumivu makali ya saratani. Mashine za leo ni wajukuu wa kifaa kile.

3. MASHINE YENYEWE IKOJE?

Ina sehemu tatu.

Ya kwanza ni waya nyembamba, moja au mbili. Daktari huzipitisha mgongoni na kuzilaza ndani ya mfupa wa uti wa mgongo, nje kidogo ya ile kamba kubwa ya mishipa ya fahamu.

Ya pili ni betri na mtambo wake ndani ya kijisanduku kimoja kidogo, kinachotosha kwenye kiganja. Huwekwa chini ya ngozi, mara nyingi juu ya tako au tumboni. Hakionekani ukiwa umevaa nguo.

Ya tatu ni rimoti, ambayo mgonjwa hukaa nayo. Kwa hiyo anaweza kuongeza nguvu, kupunguza, au kuzima.

Ikiwashwa, mashine hupeleka umeme mdogo sana. Katika mashine za kawaida mtu husikia mwasho mwepesi pale palipokuwa na maumivu, kama mguu uliokufa ganzi ukianza kuamka. Kuna nyingine mpya zinazopiga haraka sana, mara 10,000 kwa sekunde, na mtu hasikii mwasho wowote. Aina hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2015.

Sikilizeni vizuri hapa: mashine haigusi chanzo cha ugonjwa. Mshipa ulioumia unabaki umeumia. Kisukari kinabaki kisukari. Kinachobadilika ni habari inayofika kwenye ubongo. Ukizima mashine, maumivu yanaweza kurudi.

4. KUJARIBU KWANZA

Jambo zuri la matibabu haya ni kwamba mtu anaweza kujaribu kabla ya kuwekewa mashine kamili. Daktari hupitisha waya kwa sindano, na betri hubaki nje, imefungwa kiunoni. Mgonjwa huishi hivyo kwa siku kadhaa, mara nyingi kama wiki moja. Anatembea, analala, anafanya kazi ndogo za nyumbani. Kisha anaulizwa: maumivu yamepungua?

Kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi ni nusu. Yasipopungua kwa nusu hivi, waya hutolewa na mambo huishia hapo. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa na vifaa vya matibabu ya Marekani iliwakumbusha madaktari kwamba majaribio haya yafanywe kabla ya kumwekea mtu mashine kamili. Basi yeyote anayewaambia, "Leteni pesa zote, tunaweka moja kwa moja," anaruka hatua muhimu.

Lakini majaribio nayo yana upungufu wake. Mtu aliyeteseka miaka mingi ana tumaini kubwa, na tumaini peke yake huweza kutuliza maumivu kwa siku chache. Kufaulu majaribio sio hakikisho la miaka kumi.

5. INAMSAIDIA NANI?

Huko Uingereza, taasisi inayoshauri hospitali za serikali ilitoa mwongozo mwaka 2008. Ilisema mashine hii inaweza kutumiwa kwa watu wazima wenye maumivu ya mishipa ya fahamu, yaani aina ya (b). Maumivu yawe makali, yamedumu angalau miezi 6 ingawa matibabu ya kawaida yamefanywa, na majaribio yawe yamefaulu. Mwaka 2021 Marekani ikaruhusu mashine ya aina hii kwa maumivu ya miguu yanayoletwa na kisukari.

Sasa upande wa pili. Mwaka 2022 watafiti wa Norway walitangaza matokeo ya watu 50 ambao walikuwa na maumivu ya mguu hata baada ya upasuaji wa mgongo. Wote walikuwa na mashine mwilini. Kwa miezi fulani iliwashwa, kwa miezi mingine haikupeleka umeme, na wagonjwa hawakuambiwa ni lini. Matokeo? Hapakuwa na tofauti ya maana kati ya nyakati hizo mbili.

Mwaka 2023 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kupima ushahidi wa matibabu, lilikusanya tafiti 13 zenye watu 699 wenye maumivu ya mgongo. Lilisema ushahidi uliopo hauungi mkono kutumia mashine hii kwa maumivu ya kiuno, isipokuwa ndani ya utafiti.

Mnaona basi kwamba madaktari wenyewe hawajakubaliana. Kuna watu waliopata nafuu na wanashukuru. Kuna wengine ambao hawakupata chochote. Kwa mgongo uliochoshwa na jembe, ambao ndio wengi wetu tunao, ushahidi ni mdogo sana.

6. SHIDA ZAKE

Waya huweza kuhama kutoka mahali pake. Kidonda huweza kuingia usaha. Mahali pa betri huweza kuuma. Mara chache mishipa ya fahamu yenyewe huumizwa. Mwaka 2018 waandishi wa habari wa nchi nyingi walichunguza vifaa vinavyowekwa mwilini. Waligundua kwamba Marekani peke yake ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 80,000 za madhara yaliyohusu mashine hizi tangu mwaka 2008. Taarifa moja moja sio ushahidi kamili kwamba mashine ndiyo iliyokosea, lakini idadi hiyo sio ya kupuuzwa.

Halafu kuna mambo ambayo familia ya kijijini ni lazima ifikirie zaidi kuliko ya mjini:

- Betri huisha. Zile zisizochajiwa hudumu miaka michache tu. Ikiisha, ni upasuaji mwingine, na harambee nyingine.
- Zile za kuchajiwa hudumu zaidi, lakini zinataka stima nyumbani mara kwa mara. Stima yenu ikoje?
- Mashine hurekebishwa na mtaalamu mwenye kompyuta yake. Kama ameiweka daktari wa ng'ambo, nani ataigusa ikiharibika?
- Mwenye mashine ni lazima amwambie kila daktari kabla ya kupigwa picha ya MRI au kufanyiwa upasuaji. Matibabu ya kupasha joto mwilini kwa umeme hayamfai kabisa, yanaweza kumwua.

Angalizo: msichanganye mashine hii na vile vimashine vya kubandika kwenye ngozi vinavyouzwa madukani na sokoni. Hivyo ni vitu vingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 haushauri kuvitumia kama matibabu ya kawaida ya maumivu sugu ya kiuno, wala mishipi ya kufunga kiunoni. Mchuuzi akiwaambia, "Ni ileile ya ng'ambo, kwa bei nafuu," mwambieni asante, apite.

7. YALIYO KARIBU YAFANYWE KWANZA

Kabla ya kufikiria ng'ambo, ulizeni: yaliyo karibu yamefanywa?

Kwanza, dalili za hatari. Mtu akiwa na maumivu ya mgongo pamoja na moja ya haya, apelekwe hospitali, asikae nyumbani:
- miguu inalegea au inakufa ganzi;
- ameshindwa kukojoa, au mkojo na choo vinatoka bila yeye kujua;
- amekufa ganzi sehemu za katikati ya mapaja;
- ana homa, anatoka jasho usiku, au anakonda bila sababu;
- aliwahi kuugua saratani;
- maumivu yalianza baada ya kuanguka au ajali.

Miguu ikilegea au mkojo ukizuilika, ni siku hiyohiyo; msingoje soko wala Jumapili. Na homa, jasho na kukonda huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Ndiyo, TB huingia hata kwenye mifupa. Hiyo ina dawa inayoponyesha, na katika hospitali za serikali dawa hizo hutolewa bure. Fikirieni uchungu wa kuchanga pesa za mashine kumbe mtu alikuwa na TB!

Pili, aina ya maumivu ijulikane. Je, daktari amemgusa mgonjwa, akampima nguvu za miguu, akampima sukari? Maumivu ya mishipa ya fahamu yana dawa zake, kama amitriptilini, ambayo ni ya bei ya chini. Lakini ni lazima iandikwe na daktari, maana ina madhara yake.

Tatu, mazoezi. Kwa mgongo wa kawaida unaouma, kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli. Mwongozo uleule wa 2023 unashauri mazoezi yaliyopangwa na mafundisho ya kumsaidia mtu kujua mwili wake. Hospitali nyingi za kaunti zina wataalamu wa mazoezi ya viungo. Mtu afundishwe mara chache, kisha aendelee nyumbani kila siku.

Nne, tahadhari na dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zikinywewa miezi na miaka bila kupimwa huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na kupandisha presha. Sindano ya duka kila wiki sio matibabu.

Tano, kazi. Jembe lenye mpini mrefu, mzigo mdogo safari mbili badala ya mzigo mkubwa safari moja, meza ya kuoshea vyombo badala ya kuinama: haya ni madogo, lakini mgongo unayajua.

8. MASWALI TISA KABLA YA KUCHANGA

Mtume mtu mmoja au wawili wafuatane na mgonjwa hospitalini, mgonjwa mwenyewe akikubali. Waende na karatasi na kalamu. Waulize:

1. Ugonjwa wenyewe unaitwaje, na umejulikanaje?
2. Ni maumivu ya mishipa ya fahamu, au ya misuli na mifupa?
3. Ni matibabu gani yameshajaribiwa, na kwa muda gani?
4. Kuna daktari wa pili, asiyepata faida kwa mashine hii, ambaye ametoa maoni yake?
5. Kutakuwa na majaribio kwanza? Yasipofaulu, pesa ngapi zinarudi?
6. Betri ni ya aina gani, na itadumu miaka mingapi?
7. Nani hapa Kenya ataitunza mashine, na kwa malipo gani?
8. Gharama zote ni ngapi: safari, msindikizaji, kulala, kurudi kukaguliwa?
9. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, inalipa sehemu gani, kama ipo?

Majibu yaandikwe na yasomwe mkutanoni. Lakini siri za mgonjwa ni zake; yasomwe yale tu aliyokubali. Mkikosa majibu ya swali la 1, 5 na 7, msifungue harambee bado. Ngojeni majibu. Mwezi mmoja wa kungoja ni bora kuliko miaka mitano ya kulipa deni. Ila hii ni kwa mashine peke yake. Mwenye dalili za hatari hangojeshwi hata siku moja.

Mashine hizi ni za bei kubwa sana. Marekani gharama yake pamoja na upasuaji huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Kwa kikundi cha watu ishirini wanaochanga shilingi mia mia, hizo ni pesa za maisha ya watu wengi. Sio dhambi kulisema hilo, na asemaye asichukiwe.

9. KAZI YA KIKUNDI HATA BILA MASHINE

Mtu mwenye maumivu sugu hahitaji pesa tu. Anahitaji kuaminiwa. Mpeni kazi anayoiweza: kuandika daftari, kutunza kitalu cha miche, kupima maziwa. Mkutano ukiwa mrefu, aruhusiwe kusimama na kutembea bila kuulizwa. Wawili watatu wafanye mazoezi pamoja naye asubuhi. Nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi mara moja kwa wiki ni mchango ambao hata kikundi kidogo kinauweza, na mara nyingi ndio unaomfikisha mtu mbali.

Na ikiwa baada ya maswali yote daktari bingwa amesema, "Huyu anafaa, tujaribu," basi changeni kwa moyo mkunjufu, mkijua mnachokinunua: sio kuponywa, bali nafasi ya kuumwa kidogo zaidi na kuishi vizuri zaidi. Mgonjwa naye ajue hivyo kabla ya kupanda ndege.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu kuna mtu ambaye tumemdhania mvivu kumbe anaumwa? Tutamwendeaje?
2. Taja dalili tatu za hatari za mgongo bila kutazama karatasi.
3. Kwa nini majaribio ya siku chache ni muhimu? Na kwa nini hayatoshi?
4. Hospitali iliyo karibu nasi yenye mtaalamu wa mazoezi ya viungo ni ipi, na nauli ni kiasi gani?
5. Tukiombwa leo kuchangia matibabu ya bei kubwa, nani kati yetu atatumwa kuuliza yale maswali tisa? Mchagueni kabla ya kufunga mkutano.